Kamba Wako Hajafa, Amejivua Gamba

Swali: Hujambo mtaalamu. Wiki chache zilizopita tukirudi kutoka Naivasha, mwanangu wa miaka 9 alinibembeleza nimnunulie mnyama mwekundu mwenye magando ambaye vijana walikuwa wakimuuza kwenye ndoo ufuoni. Nikamchukua kwa shilingi 200. Urefu wake ni kama kidole changu cha kati. Muuzaji alisema ni lobsta mdogo, jirani anasema ni kaa, mwalimu wa mtoto anasema ni kamba. Nimemweka kwenye tangi la kioo la lita 30 pamoja na samaki wawili wa dhahabu. Juzi samaki mmoja alikatwa mkia. Leo asubuhi nimekuta wawili ndani ya tangi: mmoja amelala chini hana uhai, rangi imepauka, na mwingine amejibanza nyuma ya jiwe hataki kula. Sikununua wa pili! Huyu ni mnyama gani, anatunzwaje, na je, si afadhali nimrudishe majini tu, hata mtoni hapa Nakuru? — Mama wa Nakuru

Jibu: Dada yangu, tuanze na la leo asubuhi kwa sababu ndilo lisiloweza kungoja. Una kamba mmoja, si wawili. Hicho kilicholala chini ni gamba alilolivua usiku. Litazame kwa makini bila kulitoa. Utaona mpasuko mahali gamba la mgongo linapokutana na mkia. Hapo ndipo alipotokea, kinyumenyume, akichomoa kwanza kichwa na miguu kisha mkia kwa mruko mmoja. Macho ya gamba ni maangavu, hayana kiini cheusi. Ukiyatikisa maji kidogo kwa kidole linapeperuka, maana ndani hamna kitu. Magando yamo, miguu imo, sharubu zimo zote mbili ndefu na zile fupi, na kwa hiyo watu wengi hulitupa wakiamini wametupa mnyama aliyekufa.

Usilitupe. Liache humo humo alile. Gamba la kamba hugandishwa na kalsiamu, na kila anapojivua hupoteza sehemu kubwa ya madini hayo. Siku chache kabla ya kujivua, hunyonya kiasi cha kalsiamu kutoka kwenye gamba kuukuu na kuiweka akiba tumboni, katika vijiwe viwili vyeupe vya mviringo. Akishatoka, vijiwe hivyo huyeyuka na madini yake huenda kukaza sehemu anazozihitaji mapema, kama vile mdomo na meno ya tumboni. Sehemu iliyobaki anaitafuta nje, na chakula cha karibu zaidi ni gamba lake mwenyewe. Baada ya siku mbili tatu utakuta limebaki vipande, au halipo kabisa.

Huyo aliyejibanza nyuma ya jiwe ndiye kamba wako. Sasa hivi mwili wake ni laini, magando hayawezi kubana chochote, na anajua hivyo. Hatakula leo, pengine hata kesho. Usimshike, usimtoe nje ili mtoto amwone vizuri, usihamishe mawe. Unachotakiwa kufanya leo hii ni kuwatoa samaki wa dhahabu na kuwaweka kwenye beseni au chombo kingine chenye pampu ya hewa. Juzi yeye ndiye aliyemkata mkia mmoja wao. Leo wao wanaweza kumdonoa macho na miguu naye hana cha kujikingia. Wasirudi tena. Nitaeleza sababu huko chini.

Sasa ni nani huyu? Jibu la mwalimu ndilo lililo karibu na ukweli. Ni kamba wa maji baridi, ambaye wengi Naivasha humwita kreifishi. Hata hivyo usilipokee kwa sababu nimesema tu, maana picha uliyonitumia pamoja na swali haikuonyesha tumbo na nataka uhakikishe mwenyewe gamba lake likishakaza.

Anza na miguu. Kamba wa aina hii ana jozi tano za miguu ya kifuani, na jozi ya kwanza ndiyo yenye magando makubwa. Angalia jozi ya pili na ya tatu: nazo zina vigando vidogo sana nchani, ambavyo hutumia kuokota chakula na kupeleka mdomoni. Jozi mbili za mwisho zina kucha tu. Huyo si kaa, kwa sababu kaa hukunja mkia wake mfupi chini ya tumbo, na mwili wake ni mpana kuliko mrefu. Kaa wa mitoni tunao wa asili kabisa, na ukigeuza mawe kwenye vijito vya milimani utawaona, ila hawana mkia wa kupigia maji. Wala si kambakoche wa Lamu au Kilwa. Kambakoche wetu wa baharini hana magando, ana sharubu nene zenye miiba, na hawezi kuishi kwenye maji yasiyo na chumvi. Kuna pia uduvi wakubwa wa mitoni wenye mikono mirefu myembamba. Hao magando yao makubwa yako kwenye jozi ya pili ya miguu, si ya kwanza, na mwili wao umebanwa ubavuni na gamba lao ni jembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Hesabu jozi na utakuwa umemaliza ubishi wa nyumba nzima.

Baada ya hapo inabaki kujua ni kamba wa maji baridi yupi. Kwa mnyama aliyetoka Naivasha, nina uhakika mkubwa kwamba ni kamba mwekundu wa Louisiana, ambaye jina lake la kisayansi ni Procambarus clarkii. Mkubwa wake huwa mwekundu uliokolea, wakati mwingine karibu na weusi mgongoni. Magando yake ni marefu na yamejaa vinundu vyekundu unavyoweza kuvihisi kwa kidole. Juu ya mkia, katikati, kuna mstari mpana mweusi unaochongoka kuelekea nyuma. Na mgongoni, nyuma ya kichwa, kuna mistari miwili iliyopinda ambayo kwake hukutana katikati au hukaribia kabisa kukutana. Kwa jamaa zake wengine huacha nafasi kati yake. Wadogo huwa na rangi ya udongo au kijani kibichi, na wekundu huja wanavyokua. Kwa hiyo mtu akikuuzia kamba mdogo wa kahawia na kusema ni aina tofauti, usikubali haraka.

Kuna wengine wawili ambao msomaji anaweza kukutana nao madukani au kwa wafugaji. Mmoja ni kamba wa Australia, Cherax quadricarinatus, mwenye rangi ya samawati iliyochanganyika na kijani, na dume lake likikomaa lina baka jekundu laini kwenye ukingo wa nje wa gando. Kichwani ana matuta manne yaliyonyooka. Ameshaenea katika ziwa Kariba na mto Kafue. Wa pili ni kamba wa marumaru, Procambarus virginalis, mwenye madoa ya mawimbi mawimbi na magando madogo. Huyu alianza kuonekana miongoni mwa wafugaji wa Ujerumani katika miaka ya 1990, na wote ni majike. Hahitaji dume, hutaga mayai yasiyorutubishwa na kila kifaranga ni nakala ya mama yake. Kwa njia hiyo ameenea Madagaska hadi kwenye mashamba ya mpunga. Ukiuziwa mmoja wa namna hii kwa bei rahisi na baada ya muda ukaona mayai mia kadhaa chini ya mkia, usishangae, na zaidi ya yote usimgawie kila anayeomba.

Jambo la kukumbuka ni kwamba bara letu la Afrika halina kamba wa jamii hii hata mmoja wa asili. Wa asili wako Madagaska tu. Wote tulio nao huku bara wameletwa na watu. Huyu wako aliletwa Naivasha mwaka 1970, kwa matumaini ya kuwa biashara ya uvuvi na chakula cha samaki aina ya besi, ambao nao wametoka Marekani. Biashara ilifanyika kweli, na kamba wa Naivasha waliuzwa hadi Ulaya. Lakini kamba hula majani, mizizi, konokono, mayai ya samaki, wadudu na mizoga, na hukata hata kile asichokila. Katika miaka ya 1970 na 1980 mimea iliyokuwa ikiota chini ya maji ya Naivasha pamoja na yungiyungi zake za samawati ilipungua vibaya, na watafiti wanamhesabu kamba kuwa miongoni mwa sababu kuu. Kwa sasa ameshafika hadi mfumo wa mto Ewaso Ng'iro, ambako anabanana na kaa wetu wa mitoni.

Kwa hiyo swali lako la mwisho nalijibu sasa, kabla ya mengine: hapana, usimrudishe. Usimpeleke mtoni Njoro, usimmwage kwenye bwawa la jirani mwenye ngege (tilapia), usimtie kwenye mtaro. Hata kumrudisha Naivasha si sawa, kwa sababu mnyama aliyekaa na samaki wa dukani anaweza kubeba magonjwa ambayo ziwa halikuwa nayo. Na kama unafikiria kumhamisha akiwa hai kwenda kaunti nyingine, muulize kwanza afisa wa uvuvi. Najua wapo wanaosema kamba ana faida kwa sababu hula konokono wanaobeba kichocho, na hawasemi uongo. Watafiti wa Kenya, akiwemo Gerald Mkoji wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, walichapisha mwaka 1999 matokeo yanayoonyesha kwamba penye kamba hao maambukizi ya kichocho yalipungua. Lakini huo ni uamuzi wa wataalamu wa afya na wa mazingira wakikaa pamoja, si wa familia inayotafuta pa kumwacha mnyama iliyemchoka.

Sasa tumtunze. Bei ya shilingi 200 ni bei ya mnyama tu. Makao yake ndiyo yatakayokugharimu, ingawa vitu vingi utavipata bila kwenda duka la samaki wa mapambo.

Tangi la lita 30 litamfaa kwa muda huu akiwa mdogo. Akikua atafika sentimita 10 hadi 12 bila kuhesabu sharubu, na hapo anahitaji tangi la urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30, yaani lita 54. Upana wa sakafu ni muhimu kuliko kimo, kwani huyu ni mtembezi wa chini. Kamba mmoja tangi moja. Wawili watapigana, na atakayejivua gamba kwanza ndiye atakayeliwa.

Kifuniko si hiari. Kamba hupanda mrija wa pampu ya hewa, hupanda waya, hupanda pembe ya tangi yenye silikoni, na akipata tundu anatoka na kutembea sakafuni usiku. Naivasha kwenyewe hutoka majini na kukatiza nchi kavu. Weka kifuniko cha kioo au cha waya, na juu yake jiwe. Hapa nisikilize vizuri: usifunike tangi kwa kipande cha chandarua chenye dawa. Nimewaona wanaofanya hivyo kwa nia njema kabisa. Dawa inayotiwa kwenye vyandarua ni ya jamii ya pairethroidi, na kwa kamba, kaa na uduvi ni sumu kali hata kwa kiasi kidogo mno, kwa sababu wao na wadudu ni ndugu wa karibu. Kwa sababu hiyo hiyo, dawa ya mbu au ya mende ya kupulizia isitumike kwenye chumba chenye tangi. Watu hufunika tangi kwa taulo wakapulizia, huku pampu ya hewa ikiendelea kuvuta hewa ya chumba na kuiingiza majini. Asubuhi kamba yuko chali. Na kama nyumbani mnaogesha ng'ombe au mbwa kwa dawa ya kupe, anayeshika dawa asitie mkono kwenye tangi siku hiyo hata akinawa.

Sumu ya pili ni shaba. Dawa nyingi za kutibu samaki wenye madoa meupe au ukungu zina shaba ndani yake. Samaki atapona na kamba atakufa. Soma karatasi ya dawa kabla ya kutia tone, na usiweke sarafu wala bomba la shaba majini.

Maji ya bomba yana klorini. Yaweke kwenye ndoo wazi kwa saa 24 kabla ya kuyatumia, au utie dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwenye maduka ya samaki. Ikiwa mamlaka ya maji ya kwenu hutumia kloramini, kuyaacha wazi hakutoshi, na hapo dawa ni lazima. Wengi mnaovuna maji ya mvua mtaniuliza kama yanafaa. Yanafaa kwa kuwa hayana klorini, lakini ni laini mno, hayana kalsiamu, na kamba akiishi humo peke yake gamba lake litachelewa kukaza. Changanya nusu kwa nusu na maji ya bomba au ya kisima, au tia ganda la yai lililochemshwa na kusagwa kidogo. Wasomaji wa Pwani mna bahati: mfupa mweupe wa ngisi unaookotwa ufuoni, ukiloweshwa maji matamu siku kadhaa kisha ukaanikwa, ni chanzo kizuri cha kalsiamu. Mtupie kipande naye atakikwangua apendavyo.

Kinachoua kamba wengi wa nyumbani katika mwezi wa kwanza ni uchafu usioonekana. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaokaa kwenye changarawe na kwenye chujio huibadilisha kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, kisha kuwa nitrati, ambayo kamba huivumilia isipozidi. Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 kuongezeka vya kutosha, na tangi lako bado halijafika huko. Hii ndiyo sababu nyingine ya kuwatoa samaki wa dhahabu, maana hunya sana. Tumia chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa; ni rahisi, halina mahali pa kumnasa miguu, na hutia oksijeni. Badilisha robo ya maji kila baada ya siku 3 kwa mwezi huu, halafu mara moja kwa wiki. Kwa siku hizi za gamba laini yamimine taratibu, kikombe kwa kikombe, asishtuke. Sponji ioshe kwenye maji uliyotoa ndani ya tangi, si kwenye bomba, usije ukawaua bakteria uliowangoja.

Kipasha joto hukihitaji Nakuru. Huyu ni mnyama wa maji ya nyuzi 18 hadi 26, na nyumbani kwako hata Julai atapunguza mwendo tu, hatadhurika. Mwenye shida ni msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam. Maji yakipita nyuzi 28, oksijeni hupungua huku mnyama akiihitaji zaidi. Huko weka tangi mbali na dirisha la jua, pampu ifanye kazi usiku na mchana, na kina cha maji kisizidi sentimita 25.

Chini tandaza mchanga uliooshwa mpaka maji yatoke meupe. Kuna sababu ya mchanga ambayo wengi hawaijui, nami naipenda sana. Kwenye mzizi wa sharubu zake fupi kamba ana vishimo viwili, na ndani ya kila kishimo hukaa chembe za mchanga zinazomwambia juu ni wapi na chini ni wapi. Akijivua gamba, chembe hizo hutoka na gamba, na lazima atie nyingine. Mwaka 1893 mwanasayansi wa Austria, Alois Kreidl, aliwaweka uduvi wa baharini kwenye tangi lenye vumbi la chuma badala ya mchanga. Walipojivua wakajitia vumbi la chuma, na Kreidl alipoleta sumaku juu yao, wakageuka chali wakiamini juu ni chini. Kamba wako akiwa kwenye kioo kitupu baada ya kujivua anaweza kuyumba na kulala ubavu. Kiganja kimoja cha mchanga kinatosha kumwepusha na hilo.

Mpe maficho mawili au matatu. Kipande cha bomba la plastiki la inchi mbili kutoka duka la vifaa vya ujenzi, urefu wa sentimita 15, ndicho anachokipenda kuliko jumba lolote la mapambo. Gae la chungu cha udongo pia linafaa. Chagua maficho ambamo anaweza kuingia mzima na kugeuka. Mimea hai ataikata, kwa hiyo usitumie pesa huko.

Chakula chake ni rahisi, na makosa hutokana na wingi. Msingi uwe majani na mboga: mchicha au sukuma wiki iliyochovywa kwenye maji ya moto dakika moja, kipande cha karoti, njegere iliyomenywa, tango. Nyama mara mbili kwa wiki tu, kwa mfano omena mmoja mkavu asiye na chumvi, aliyeloweshwa. Chakula cha punje cha samaki, kile kinachozama, kinafaa siku nyingine. Mpe jioni taa zikishazimwa, kiasi asichokimaliza kikitolewa asubuhi. Halafu kuna majani makavu, ambayo yanapaswa kuwemo wakati wote. Pwani chukua majani ya mkungu yaliyoanguka yenyewe yakageuka kahawia. Bara tumia ya mpera. Yaoshe, yatie mawili matatu. Maji yatapata rangi ya chai, na hilo si baya. Atayala polepole kwa wiki nzima mpaka ibaki mishipa tu. Majani kutoka kwenye shamba linalopuliziwa dawa usiyaguse.

Kuhusu majirani wa tangi, utasikia ushauri mwingi. Mimi nasema akae peke yake. Samaki wa dhahabu hulala karibu na sakafu usiku, wakati ambao kamba ndiyo kwanza anaamka. Hahitaji kuwa mkali; anapapasa, anagusa kitu laini, anabana. Ngege mkubwa atafanya kinyume, atamla kamba siku ya gamba laini. Ukiona kwa mtu tangi lenye kamba na samaki wakiishi kwa amani, muulize tena baada ya miezi sita.

Mtoto wako ataka kumshika, bila shaka. Amngoje wiki nzima gamba likaze. Kisha mfundishe kumpelekea mkono kutoka nyuma, dole gumba na cha shahada vikishika pande mbili za gamba la mgongo, nyuma ya magando. Hapo hawezi kumfikia. Asimvute kwa gando kamwe, kwa kuwa kamba akihofu huweza kulikata mwenyewe na kuliacha mkononi mwako. Litaota tena, dogo kwanza, likikua kila anapojivua. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kumshika, na isuuzwe sabuni yote iishe kabla ya kumshika.

Akitoroka ukamkuta sakafuni nyuma ya kochi, amekauka na vumbi limemshika, usimtupe. Akiwa na unyevu kwenye mashavu yake ya kupumulia anaweza kuishi saa nyingi nje. Msuuze, kisha mweke kwenye beseni lenye maji ya tangi yanayofika nusu ya mwili wake tu, aweze kuinua kichwa nje. Mashavu yamejaa hewa, na ukimtumbukiza moja kwa moja kwenye maji ya kina anaweza kukosa pumzi kabla hewa haijatoka. Baada ya saa chache mrudishe.

Ikifika siku mnashindwa kumtunza, mpe mfugaji mwingine mwenye tangi lililofunikwa. Ukimkosa, mweke kwenye maji yenye barafu nyingi iliyopondwa mpaka asitikisike kabisa hata ukimgusa, halafu auawe haraka na mtu mzima anayejua. Maji machafu ya tangi mwaga shambani au kwenye maua, si kwenye mtaro unaokwenda mtoni. Wasomaji mlioko Ulaya, kwenu suala hili ni la kisheria: kamba mwekundu wa Louisiana na wa marumaru wamo katika orodha ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2016 ya viumbe vamizi, na kuwafuga, kuwauza au kuwasafirisha ni marufuku. Wao hubeba ukungu unaoua kamba wa asili wa huko huku wenyewe hawaumwi. Uingereza na Wales mnaruhusiwa kumfuga bila leseni yule wa Australia pekee, ndani ya tangi la nyumbani.

Limebaki jambo moja, dada yangu, na hili nalihitaji kutoka kwako. Baada ya wiki, gamba likishakaza, mtie kwenye chombo cha kioo chenye maji kidogo na umpige picha kutoka chini. Dume lina vijiti viwili vigumu vilivyolala kati ya miguu ya mwisho, vikielekea mbele. Jike halina, lina kisahani kidogo cha mviringo kati ya miguu hiyo. Nauliza kwa sababu jike aliyetoka ziwani huenda alishapandwa, na huweza kuhifadhi mbegu za dume kwa miezi kisha akataga akiwa peke yake kwenye tangi lako, mayai meusi mia kadhaa yakining'inia chini ya mkia kama zabibu. Ukiyaona, usibadilishe maji siku hiyo wala usimpe mtu yeyote, niandikie kwanza.